Mbegu za mkrismasi zilizogoma kuota

Hapa Arua, Uganda, nilitaka mkrismasi wa kivuli uani, ule wenye maua mekundu uliotoka Madagaska. Mbegu zilikaa tu kwenye viriba, ingawa nilimwagilia kila jioni. Jirani akalaumu udongo. Nilipofukua moja, niliikuta ngumu kama kokoto, haijanywa maji hata kidogo: ganda lake halipitishi. Basi nikasugua kila mbegu kwa msasa upande mmoja, mbali na kijicho (kidoa pale mbegu iliposhikana na ganda la tunda), mpaka rangi ya ndani ikachungulia, kisha nikaziloweka usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Zilizovimba nikazipanda, zilizobaki vilevile nikazisugua tena. Zikaota. Miche nimeihamishia mbali na nyumba, maana mizizi yake hutambaa juujuu na huinua sakafu. Maua? Hayo ni ya miaka ijayo.