Nilivyotia mafuta ya kukaangia kwenye injini ya boti

Boti letu hutoka Kisumu na saruji na unga, likarudi kutoka kisiwa cha Mfangano na omena. Injini ni ya dizeli, silinda sita, na fundi wake ni mimi. Mwaka jana jamaa yangu wa Kondele alianza kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki pale Lwang'ni, kwenye vibanda vya samaki vya Kisumu, akayachanganya na methanoli (spiriti kali) na kostiki soda, gliserini ikatuama chini, akaniletea kilichoelea juu, ndiyo biodizeli.

Nahodha alikataa katakata. "Fundi, injini ikizima katikati ya maji, utapiga kasia wewe?" Nikamwambia kwamba mwaka 2019 meli ya makontena, Mette Maersk, ilikwenda Shanghai kutoka Rotterdam na kurudi, imechanganyiwa mafuta ya namna hii hadi asilimia 20. Akanijibu kwamba ile ina mainjinia, sisi tuna wewe. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: tangi dogo la dizeli tupu likae pembeni, na filta yake na mpira wake, tayari kufunguliwa.

Safari tatu za kwanza sikuchanganya kitu. Nilipima tu dizeli iliyoliwa, kwa kijiti kilekile, boti likiwa limetulia gatini. Halafu nikayajaribu mafuta yenyewe kwenye chupa: sehemu moja ya mafuta, tisa za methanoli, nikatikisa. Mtungi wa kwanza uliacha tone la manjano chini ya chupa, yaani yale mafuta hayajaiva. Nikaurudisha Kondele. Wa pili ulikuwa safi. Kwa kuwa haya ni mazito kidogo kuliko dizeli, nilitangulia kumimina dizeli lita 16, kisha haya lita 4 juu yake, yashuke yakijichanganya.

Safari ya kwanza ya mchanganyiko, raha. Ule moshi mweusi wa kuwasha asubuhi ulipungua hadi mabaharia wakauliza.

Ya pili, kisiwa cha Ndere tukiwa tumekiacha mkono wa kulia, injini ikaanza kukohoa. Nahodha hakusema neno, alinitazama tu. Nikafungua tangi la pembeni, tukaendelea. Nilipoifungua filta kuu nikakuta tope jeusi zito, kama uji wa wimbi uliolala. Nililaumu mafuta ya Kondele siku nzima, bure. Mafuta haya huyeyusha uchafu, na tangi letu lilikuwa na mashapo ya dizeli ya miaka mingi yaliyoganda ukutani. Yote yakang'oka kwa pamoja. Ningeosha tangi kwanza, aibu ile ingenipita.

Tulilitoa, tukalisugua, nikabadilisha filta mbili kwa mfululizo. Mpira wa kurudishia mafuta nao ulikuwa umevimba na kulainika kama utumbo. Nikaweka wa Viton, aina ya mpira isiyolainishwa na mafuta haya. Tangu hapo kila Jumamosi nafungua koki ya chini nitoe maji, maana mafuta haya hunyonya unyevu kuliko dizeli, na maji yakikaa humo huota utelezi.

Ulaji? Umeongezeka kidogo mno, karibu lita mbili kwa kila mia, na kijiti changu hakiwezi kuapa hata kwa hizo. Sasa shida imehamia Lwang'ni. Mama aliyekuwa akinibembeleza niyaondoe mafuta yake machafu siku hizi anayauza kwa lita, tena anataka pesa kabla mtungi haujajaa.