Mpambe unavyotaka

Kuna neno la Baba limenikaa kooni tangu Jumapili. Mnamjua Baba na useremala wake pale Tanga, ukimwita aone nyumba mpya yeye anakwenda kuchungulia bawaba za mlango.

Jumapili tulikuwa msituni na wa kozi, huku huku kusini mwa Chile, na kwenye gome la mti wa coigüe nikamwona mbawakawa. Jamani! Kijani kinachometa kama karatasi ya peremende, shingoni anaingia wekundu wa zambarau, vipapasio virefu anavipeleka taratibu utadhani anapima kitambaa. Nimemsoma miezi na miezi, Cheloderus childreni (si watoto hao, ni Mwingereza mmoja John George Children, jina limetoka 1832) ila hai sijawahi kumtia machoni. Nikapiga video hapo hapo, kwangu saa tisa mchana, Tanga saa tatu usiku.

“Baba ona! Utasema kapigwa vanishi.”
“Anakula mti?”
“Buu wake ndo anakula, kwenye mizizi.”
“Basi dumuzi huyo. Mpambe unavyotaka.”

Akamgeukia mtu kuuliza koleo iko wapi.

Mpambe unavyotaka! Nimelirudia kwenye basi, nikioga, mpaka Jumatano nawasilisha pendekezo la utafiti (limepita, asanteni mlioniombea). Nilitaka aseme mzuri, basi. Majibu ndo yananijia sasa, kwamba ile si rangi Baba, ni ganda lenyewe lina tabaka nyembamba zinarudisha mwanga, ndo maana hata akifa akakaa kwenye sanduku miaka na miaka bado anameta, vanishi gani ya dukani inaweza hivyo?

Leo alasiri niko foleni ya mkate naona voisi yake. Nikajua tu, hela ya bati. Kumbe: “Mwanangu, yule dumuzi wako wa kijani. Huo mti mbao yake ikoje, inafika mninga? Na tundu anapotokea ni la duara au kama yai? Pima unambie.”

Nikacheka mpaka mama wa mbele akageuka. Rula nimeshaitia kwenye begi.

Ila nimeisikiliza mara nne na nyuma ya sauti yake kuna randa ya umeme inanguruma, saa nne usiku kwao, na Baba aliniapia vumbi la mbao kaacha tangu kile kikohozi cha mwaka jana. Kijana wa karakana nimempigia, hapokei.