Siku moja ya muuza maua wa Himbi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Giza bado, nami niko kando ya barabara hapa Himbi, mtaa wa Goma, Kongo, nafunua turubai na kupanga vyungu. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ananishushia bidoni tatu za maji ya ziwa, lita 20 kila moja, na kila moja nailipia. Ndiyo sababu nusu ya meza yangu ni mimea ya majani manene: alovera, kalankoe, krasula, na ile ndefu ambayo kwa Kifaransa wanaiita ulimi wa mama mkwe. Haina kiu. Ukiipanda kwenye changarawe nyeusi ya volkano, ambayo Goma tunaikanyaga bure, unaweza kuisahau wiki mbili na bado ukaikuta imesimama.

Mpaka saa tatu ni kumwagilia, kufagia, kusalimiana na wamotari, waendesha pikipiki za abiria, na kuuza waridi moja.

Wapita njia wananiita papa wa majani. Wanadhani kazi yangu ni kukaa kivulini. Hawajaniona nikikata miyenzi, ile minyaa ya ua wa mteja, uso nimegeuza pembeni, mikono nimeivalisha mifuko ya plastiki, kwa sababu yale maziwa yake yakiruka jichoni utalia mpaka jioni.

Saa nne na kidogo moto, yaani pikipiki, ikasimama. Mama mmoja akashuka, akabwaga mfuko mezani.

“Papa, uliniuzia sumu!”

Ndani ilikuwemo kalankoe ya maua mekundu. Niliitambua kwa kopo lake, nililipaka rangi ya kijani mimi mwenyewe. Nikainua jani moja kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na vitundu viwili viwili, kama mtu amechomachoma kwa sindano, na kishada kimoja cha maua kilikuwa kimeng'olewa, kikonyo tu ndicho kimebaki. Meno ya paka.

“Ametapika usiku wote, mate yanamtoka. Maziwa amekataa. Nimeacha watoto wanatafuta mafuta ya ngazi, haya ya mawese, tumnyweshe.”

Hapo nikapaza sauti, na mimi si mtu wa kupaza sauti. Mama, mafuta hapana! Paka aliyelegea ukimmiminia mafuta yanaweza kuteremkia mapafuni, utakuwa umemwongezea ugonjwa wa pili. Maziwa nayo hayazimi sumu hii, wala usimlazimishe kutapika. Ingekuwa alovera, ule utomvu wa njano chini ya ganda humtapisha paka na kumharisha. Lakini kalankoe, hasa maua yake, ina sumu inayoenda kwenye moyo. Mapigo yanavurugika. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na hili kopo ulibebe alione.

Mnajua alinijibu nini?

“Kwanza dola zangu tano.”

Motari anaunguruma, paka anaugua, sisi tunabishania dola tano. Muuza vocha wa jirani akaingilia: paka ana roho saba, mama, usihangaike. Mwingine akasema kwao paka hula majani kila siku. Yule mama akawageukia wote: huyu si pambo, analinda depo ya unga, panya wa mtaa mzima wanamjua! Kisha akanirudia mimi. “Na wewe ndiye uliniambia nikiweka juu ya kabati hakuna shida.”

Kweli nilimwambia. Nilisema hivyo kama vile paka hajui kupanda kabati. Neno hilo lilinikaa kooni. Nikatoa franka za moto mfukoni mwangu, nikamlipa motari, nikamwambia akimbie apitie nyumbani kwa mama kwanza. Akaondoka na kopo langu mapajani, bado anahesabu madeni.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Mvua ilinyesha, ikakatika. Nikabeba vyungu, labda arobaini, kutoka upande huu wa meza kwenda ule, mpaka kiuno kikakataa. Kulia nikaweka kalankoe, krasula, alovera, ulimi wa mama mkwe na miche ya miyenzi. Kushoto zile ambazo paka akizitafuna hazimpi sumu: echeveria, inayojipanga kama ua la waridi, na haworthia, fupi, yenye mistari myeupe mgongoni mwa jani. Hii ya pili ni mtihani, maana inafanana na alovera mtoto, na mteja wangu wa saa tisa aliishika mara tatu akisema ndiyo hiyo hiyo, nimpunguzie.

Sasa kabla ya bei nauliza: nyumbani kuna paka? Wananicheka. Binti mmoja alisema naulizia kama mtu aliyekuja kuposa. Lakini alikuwa naye, mdogo wa miezi minne, na aliondoka na echeveria.

Nilipofunga turubai giza lilikuwa limeingia, miguu imevimba, mfukoni dola kumi na moja na franka za chenji. Simu ikalia, sauti ya yule mama. Daktari amesikiliza moyo, amemtundikia serumu, wamemlaza mchana wote. Sasa yuko nyumbani, amekula sambaza mbili, vile visamaki vya ziwani.

Nikamwandikia nimefurahi sana, kesho apite achague echeveria yoyote, bure.

Akajibu: “Dola.”