Nilivyoiweka skima ya hifadhidata ndani ya programu yenyewe

Programu yangu ya kutunza orodha za stoo niliiandika kwa lugha ya Go, na data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Kwangu ilifanya kazi vizuri. Nilipomtumia mwenzangu, ilifunguka ikafa papo hapo: haikuliona faili la schema.sql, lenye skima, yaani maagizo ya kuunda majedwali ya hifadhidata. Ilikuwa inalitafuta kwenye folda aliyokuwemo mtumiaji, na mimi nilikuwa nimetuma programu peke yake.

Tangu toleo 1.16 la Februari 2021, Go ina kifurushi cha embed. Unaandika //go:embed schema.sql juu ya kigeu, na kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, inayaingiza maandishi ya faili ndani ya programu. Hapo nilipoteza saa nzima kwa sababu ya nafasi moja niliyoiacha baada ya mikwaju. Kompaila iliuona mstari wote kuwa maelezo ya kawaida, skima ikabaki tupu, wala sikupewa onyo.

Shida kubwa ilikuja nilipoongeza safu mpya kwenye jedwali. Skima yangu ilitumia CREATE TABLE IF NOT EXISTS, na agizo hilo likikuta jedwali lipo, linapita tu, haliongezi safu. Wenye data ya zamani wote wakakwama.

Ndipo nikaigawa skima katika mafaili yenye namba: 0001, 0002 na kuendelea. Sifuri hizo usizidharau, maana mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina, na 10 hutangulia 2. Hifadhidata nayo ijue imefika wapi: SQLite ina PRAGMA user_version, namba inayokaa kwenye kichwa cha faili la data na kuanzia 0. Programu ikiwaka, inaisoma namba hiyo, kisha inaendesha mafaili yaliyoizidi, kila moja ndani ya muamala wake (kundi la mabadiliko yanayofanyika yote au yasifanyike kabisa) pamoja na kupandisha namba. Umeme ukikatika katikati, vyote viwili vinarudi vilivyokuwa. Kwenye hifadhidata ya MySQL usitegemee hilo, kwani CREATE TABLE huko hufunga muamala yenyewe.

Faili likishatoka kwa watumiaji siligusi tena. Kosa nalirekebisha kwa faili jipya. Namba ya hifadhidata ikiizidi namba ya mwisho ambayo programu inaijua, programu inakataa kuifungua.

Data za zamani zilikuwa na majedwali tayari ilhali namba yake ni 0, kwa hiyo 0001 niliiachia IF NOT EXISTS. Ilipita bila kugusa kitu, 0002 ikaongeza safu, na orodha za mwenzangu zikafunguka zote.