Nilivyofundisha historia ya Uspiriti kwa kuwafuata midiamu

Nilipopangiwa mada ya Uspiriti, imani kwamba roho za wafu huwasiliana na walio hai, katika somo la historia ya dini, wanafunzi walikuja na swali moja: wafu huongea kweli? Swali hilo lingetumalizia muda wote. Nikaliweka kando nikashika jingine: nani aliketi mezani kupokea huo ujumbe wa roho, yaani midiamu alikuwa nani, na ulipita njia gani? Kuanzia hapo mada ilinyooka.

Tulianzia Hydesville, jimbo la New York, Machi 1848, kwa mabinti wa familia ya Fox, Maggie na Kate. Kwao ujumbe ulikuja kwa mapigo, yaani sauti za kugonga. Unataja alfabeti, herufi moja moja, mpaka pigo lisikike. Niliwapa wanafunzi zoezi hilo darasani, mmoja akigonga dawati na wenzake wakiandika. Jina fupi tu lilitutoa jasho! Wakajionea wenyewe kwamba kwa mapigo unaweza kupata jibu, lakini mafundisho ya kujaza kitabu, ni shida.

Mafundisho yalipatikana Paris. Mwaka 1855 mwalimu Hippolyte Rivail alianza kuhudhuria vikao vya kuwasiliana na roho, na katika nyumba ya akina Baudin akawakuta mabinti wawili, Caroline na Julie. Waligusa kikapu kidogo kilichochomekwa kalamu, kikapu kikaandika. Rivail alifika na maswali aliyoyaandaa nyumbani, kama mwalimu yeyote makini, na baadaye akayapitia majibu kwa msaada wa midiamu mwingine, Japhet. Tarehe 18 Aprili 1857 kikatoka Le Livre des Esprits (Kitabu cha Roho), kwa jina la Allan Kardec, ambalo Rivail alijipa, kikiwa na maswali 501. Toleo la 1860 lina maswali 1,019.

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko penginepo, kwa sababu naamini mabinti wale wamenyimwa haki yao. Jaladani pana jina la mwanamume mmoja, ilhali bila mikono yao asingekuwa na cha kuhariri. Tena Kardec alisisitiza kulinganisha ujumbe wa midiamu wa sehemu mbalimbali na kushika yale yanayokubaliana. Kwa kanuni hiyo, kila kikundi kipya chenye midiamu wake kilikuwa na mchango katika mafundisho yenyewe, na si kusikiliza tu.

Sikuwaficha kwamba mwaka 1888 Maggie Fox alitangaza hadharani kuwa mapigo yalitokana na viungo vya vidole vya miguu, kisha mwaka uliofuata akayakana maneno hayo. Lakini Uspiriti wa Kardec ulikuwa umeshajengwa juu ya maandishi.

Tukamalizia Brazili, kwa midiamu Chico Xavier wa jimbo la Minas Gerais, aliyeandika vitabu zaidi ya 400 akisema ni vya roho, na mapato yake akayatoa kwa misaada. Kwake, mjini Uberaba, walimiminika wazazi waliofiwa, wakitafuta barua kutoka kwa watoto wao. Mwaka 1979 jaji wa mji wa Goiânia alizingatia barua ya namna hiyo, iliyosemekana kutoka kwa marehemu, katika kesi ya kijana aliyeshtakiwa kumuua rafiki yake, akamwachia huru. Darasa likawaka. Kipindi kilipokwisha bado walikuwa wakibishana kama mahakama ilistahili kuipokea, nami nikawapa kazi ya kuandika: kila mmoja aitetee barua ile kama wakili, kisha aipinge kama mwendesha mashtaka.