Siku moja kwenye dirisha la mizigo, stendi ya Mkanaledi

Saa 10:30 alfajiri

Basi letu la kwanza la Dar linatoka saa 12:00 kamili, na watu wa vijijini wanaijua ratiba hiyo kuliko sisi wenye ofisi. Nikifika nakuta foleni imeshapangwa, ila waliopanga si watu, ni mizigo yao. Ndoo yenye mfuniko uliofungwa kwa kipande cha kanga, salfeti tatu, shangazi kaja moja limevimba mpaka zipu imekata tamaa, na boksi la maji ya kunywa ambalo kazi yake ya kwanza iliisha zamani. Wenyewe wamekaa kwa mama lishe wanakunywa chai ya tangawizi. Anayekuja akiuliza wa mwisho nani, anaonyeshwa ndoo.

Mimi ni karani wa mizigo kwenye kampuni moja ya mabasi hapa Mtwara mjini, jina tuliache. Napokea, napima, naandika, natoza, nakabidhi. Kitabuni kuna jina la mtumaji, jina la mpokeaji, namba za simu, aina ya mzigo, nauli, halafu ile safu inayonichelewesha siku zote: thamani ya mzigo. Lazima ijazwe, maana mzigo ukipotea fidia inafuata kilichoandikwa pale. Watu wanajibu yote bila shida, hata namba za simu wanazozitoa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane. Wakifika kwenye thamani wanakwama.

Saa 11:00

Wa kwanza ni bibi mmoja wa Nanguruwe na salfeti ya ming'oko. Kwa msiyoijua, ni mizizi ya porini; inachimbwa kwa jasho, inachemshwa, inamenywa, inaliwa. Mtu wa Kusini akishakaa mjini miaka miwili anaiota.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii ya mjukuu wangu, yuko Mbagala."

"Thamani yake shilingi ngapi?"

"Siuzi."

"Najua huuzi, bibi. Ukipotea tukulipe ngapi?"

"Ukipotea, utakwenda kunichimbia mingine?"

Utingo akaangua kicheko. Nikaandika shilingi 10,000, nauli tukakubaliana 5,000. Mwenye duka angeniambia huyo bibi anapoteza hela, angemrushia mjukuu hiyo 5,000 kwa simu akajinunulie chakula. Nimeshasikia hoja hiyo sana, na kila anayeitoa ni mtu ambaye hajawahi kutumiwa kitu chenye udongo wa kwao.

Kwenye salfeti lenyewe limeandikwa kwa maka peni: jina, namba ya simu, MBAGALA, na chini yake USIACHE JUANI. Tulipata vibao vya mitaa na namba za nyumba kwenye ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, lakini kwenye mizigo sijaona mtu akiviandika. Anwani ni namba ya simu, na ikiwa mpokeaji hana simu ni namba ya jirani, na hapo ndipo jina linakuwa "Mama Zuhura mpe Mwanahawa nyumba ya nyuma".

Saa 11:35

Hapa nikae kidogo.

Mama mmoja ametoka Nanyamba jana, amelala kwa ndugu yake Magomeni ya hapa Mtwara ili awahi. Ana mzigo wa ukubwa wa mto wa kulalia, umefungwa kamba ya manila mpaka hauonekani. Nauliza kuna nini. Vyeti. Kijana wake ameitwa kwenye usaili Dodoma keshokutwa, amekwenda na kopi, na kwenye usaili wa serikali wanataka vyeti halisi.

"Mama, huu ukienda hivi unaingia kwenye buti pamoja na ndoo za samaki. Tuufungue, nitoe bahasha, nimkabidhi konda mkononi."

Hakutaka. Alikuwa amefunga usiku kucha, kila fundo ana sababu nalo. Ikabidi nimwite konda aje mwenyewe, amsalimie, amwonyeshe mkoba wa ngozi anaobebea vibali vya gari. Ndipo akakubali. Tukafungua manila, salfeti la sukari likatoka. Ndani yake kanga. Ndani ya kanga nailoni. Ndani ya nailoni faili la plastiki lenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Katikati ya cheti cha nne na cha sita, pakiti ya korosho za kubangua, zimekaangwa, bado zinanukia.

"Na hizi mama?"

"Za njiani."

Nikazihamishia kwenye kimfuko cha pembeni, mafuta yalishaanza kuisogelea karatasi. Halafu nikauliza thamani. Yeye hakukwama kama wengine, alianza kuhesabu. Korosho za msimu ule mtoto alipoingia kidato cha tano. Mbuzi. Mikorosho waliyoiweka rehani kwa jirani ili ada ya chuo itimie, jirani akavuna yeye misimu miwili. Nauli za likizo. Foleni nyuma ikaanza kuguna, konda akaniangalia, mimi nikaandika "nyaraka" na kiwango cha juu kabisa ambacho kitabu chetu kinaruhusu. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema haya, si haba.

Saa 12:00 gari likatoka.

Saa 2:00 asubuhi

Chai na chapati. Dakika kumi, simu mbili mkononi, moja ya ofisi moja yangu, zote zinaita.

Saa 3:30

Sasa ni zamu ya Masasi, Newala na Tandahimba. Mizigo ya huku inaeleza msimu kuliko redio. Sasa hivi ni Novemba, minada ya korosho imeanza. Kabla malipo hayajaingia, vinavyopita dirishani kwangu ni vidogo: dawa, madaftari, kopo la maziwa ya mtoto, simu mbovu inayokwenda kwa fundi. Malipo yakishaingia kwenye akaunti za wakulima, mkondo unageuka. Magodoro, redio, spika zenye taa, vitenge vya doti nyingi, spea za pikipiki, vyote vinapanda kwenda uwandani. Ukitaka kujua wakulima wa wapi wamelipwa wiki hii, usiniulize, angalia tu magodoro yamebandikwa majina ya wapi.

Kuna kazi nyingine msimu huu ambayo haimo kwenye mkataba: kutikisa. Korosho ghafi hazisafiri kwenye buti la basi, zinatakiwa zipite chama cha msingi, ghala, mnada. Wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela, wanalijua hilo, ndiyo maana wanakuja na salfeti na kusema ni makopa, yaani mihogo mikavu. Makopa ukiyatikisa yanagongana kwa sauti kavu, na mkono unabaki na unga mweupe. Korosho zinateleza. Leo kijana mmoja kaja na "makopa" yanayoteleza. Sikumuuliza thamani. Nilimwambia abebe mzigo wake kabla sijaandika jina lake, akabeba, akaenda dirisha la jirani. Jirani naye akatikisa.

Wapo wanaodhani tunachagua mizigo kwa roho mbaya. Kusafirisha vifurushi na vipeto ni biashara yenye leseni, inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na mzigo mmoja mbovu unaweza kulisimamisha gari zima kizuizini pamoja na ming'oko ya bibi wa watu.

Saa 6:00 mchana

Joto. Samaki kutoka Feri, soko letu la samaki.

Ng'onda sina ugomvi nao, wamekauka, wananuka kistaarabu. Tatizo ni pweza na changu wabichi kwenye ndoo ya barafu. Mwenyewe anaapa haivuji. Nailaza ubavu mbele yake, tunaitazama wote wawili. Ikitoa tone moja anarudi kufunga upya. Mwezi uliopita maji ya samaki wa mtu yaliingia kwenye boksi la shela ya bibi harusi, na kelele za siku ile bado zinakumbukwa stendi nzima.

Katikati ya samaki anaingia mteja wangu wa kudumu, mzee wa heshima, kofia ya kiua, na vifurushi viwili vya vitenge. Kimoja kinakwenda Mahuta, kingine Tandahimba mjini, wapokeaji wanawake. Vimefungwa sawasawa, karatasi ileile, solotepu ileile, hakuna mwenye la kulalamika. "Simu ukipiga, piga hii tu, mwanangu. Ile ya nyumbani usipige." Naandika. Thamani? "Weka sawa kwa sawa." Siulizi zaidi. Mtu mwenye mdomo hakai dirisha hili mwezi mmoja.

Nikisema ukweli, mzee huyo ndiye anayefunga vizuri kuliko wateja wangu wote. Wafanyabiashara wanafunga haraka, fundo moja, kwa sababu wanajua aliye upande wa pili atakata kwa wembe. Kina mama wanafunga mafundo kumi. Vijana hawafungi kabisa, wanaleta kitu kwenye mfuko wa rambo na kuniomba mimi boksi.

Saa 9:00

Rafu ya wasiokuja. Kila mzigo hapa nimeupigia simu. Kuna begi la shule limekaa muda, mwenyewe anasema atakuja mwisho wa mwezi. Kuna bahasha ya picha za X-ray, namba haipatikani. Hiyo siihesabii gharama ya kulaza, na bosi anajua.

Rafu hii niliwahi kuiona imejaa mpaka dari, Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule Somanga. Mizigo ya kwenda ililala hapa, ya kuja ililala huko. Samaki tuliwarudishia wenyewe. Watu wakawa wanakuja dirishani hata wasio na mzigo wowote, wanasimama tu, wanauliza gari limefika wapi, wananisikiliza nikimjibu mwingine, wanaondoka. Baba mmoja alikuwa anasubiri dawa za mkewe, alikuja asubuhi na jioni mpaka utingo akamwekea kiti. Zilipofika hakufungua, alipapasa boksi kwa nje, akatia sahihi, akapanda bodaboda kuelekea hospitali ya Ligula.

Saa 10:15 jioni

Simu kutoka Mbagala: gari limeingia, konda ameshampa bodaboda bahasha ya vyeti, inakwenda Mbezi, kituo cha Magufuli, ipande gari la Dodoma la usiku. Kabla ya 2023, mabasi yalipokuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku, bahasha hii ingelala Dar. Nampigia mama wa Nanyamba. Swali lake la kwanza: na korosho amepewa?

Amepewa nani, mama, bodaboda? Nikamwambia ziko pamoja.

Saa 11:00 jioni

Gari kutoka Dar linaingia na hapo hapana kukaa. Sare za kanga za sherehe ya kuwatoa wali, watoto walioingia jando na unyago, mwezi ujao, doti zimefungwa kwa familia, kila rundo na karatasi yake. Pampu ya maji. Miwani ya mwalimu. Keki, jamani, keki, imesafiri kilomita zaidi ya mia tano ikiwa imepakatwa na abiria aliyekubali kwa hisani.

Zinarudi pia ndoo zilizokwenda na samaki wiki iliyopita. Hairudi ndoo tupu; ukifungua mfuniko kuna sukari, sabuni za mche, nguo za watoto zilizowabana wale wa Dar. Na hakuna kinachotupwa. Salfeti litaanikiwa mpunga, boksi litalaza vifaranga, manila itafunga mbuzi. Vijana wanaosubiri maboksi matupu pale mlangoni wananidai kuliko wenye mizigo.

Saa 2:30 usiku

Mzigo wa mwisho kwenye orodha: boksi la wastani, kutoka Temeke, nauli inalipwa na mpokeaji, 8,000. Mpokeaji ni kijana mtanashati, amekuja amenyoa, anatabasamu, ameniambia bila kuulizwa kwamba mchumba wake amemtumia zawadi.

Akaomba kuchungulia kabla ya kulipa. Haturuhusu, lakini kona ya boksi ilikuwa imeachia yenyewe. Akachungulia. Akaona kitenge, akaona simu, akaona viatu vya kike ambavyo, kwa jinsi uso wake ulivyobadilika, alivinunua yeye.

"Dada, urudishe."

"Kurudisha ni nauli upya, kaka. Ya kuja 8,000, ya kwenda 8,000."

"Kwani ameandika thamani shilingi ngapi?"

Nikageuza stakabadhi nimsomee. Makarani wenzangu wa Dar wananiambia huko nako watu wanakwama kwenye safu ile, lakini huyu binti hakukwama. Ameandika kwa mkono wake, herufi kubwa, kalamu ya bluu: HAINA.

Kijana akasoma mara mbili. Akauliza kama naweza kupunguza iwe 5,000. Nikamwambia nauli haitozwi kwa thamani, inatozwa kwa kilo, na tunafunga saa 3:00. Akaenda kutafuta wakala wa kutolea hela.