Siku moja maishani mwangu: nalipwa kutafuta

Saa mbili asubuhi niko ofisini, hapa Dar, chai na chapati, nafungua Emacs, programu yangu ya kuandikia na kusomea kodi za programu, najibu meseji za jana, mpaka saa nne hakuna cha kusimulia.

Nyumbani wanajua kazi yangu ni kuandika programu. Naandika kidogo sana jamani, muda mwingi nasoma programu za watu walioshaondoka zamani, natafuta kitu kimejificha wapi.

Saa nne na nusu simu inaita, mama mhasibu wa saccos moja tunayoihudumia, hata shikamoo haijaisha: "Mwanangu, wanachama wananijia juu, wamelipa marejesho kwa wakati na mfumo umewapiga faini!" Namwambia mama nipe muda kidogo naliangalia. Muda wenyewe haujapita, simu tena.

Sasa mfumo ule una mafaili mengi ajabu na kila aliyepita kaacha msamiati wake, huyu kaandika faini, yule penalti, mwingine adhabu, ukitafuta neno moja mengine yote yanakupita. Hapa ndipo naipendea Emacs, unaiongezea amri zako mwenyewe kwa Emacs Lisp, lugha yake ya kuandikia programu, nilishaiandikia amri fupi inayopeleka maneno yote matatu kwa grep, kitafuta maneno ndani ya mafaili, kwa mpigo, majibu yanajipanga dirisha moja, jina la faili, namba ya mstari na mstari wenyewe, nabonyeza Enter naangukia palepale. Alt na nukta juu ya jina la fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, inanipeleka ilikoandikwa, Alt na alama ya kuuliza inanionyesha sehemu zote zinazoiita, na nikishazama sana Alt na koma inanirudisha hatua kwa hatua nilikotoka. Dogo wa meza ya pili ananiambia kaka hiyo si ya kizamani? Ndiyo, Emacs ya kwanza ni ya 1976 na hii ninayotumia, ya mradi wa programu huria wa GNU, ni ya 1985, na matoleo mapya yanatoka mpaka leo, mi siiachi.

Mchana sijui nimekula saa ngapi. Simu, bosi kasimama nyuma ya kiti, simu tena. Kumbe faini inapigwa sehemu mbili! Moja inaangalia tarehe mtu aliyolipa, sawa kabisa. Ya pili, ile inayojiendesha usiku, inaangalia tarehe malipo yalipoingizwa kwenye mfumo, kwa hiyo aliyelipa kwa simu Jumamosi na mwisho wake ni Jumapili, malipo yakiingizwa Jumatatu keshakuwa mdaiwa. Mtu mwaminifu kabisa!

Giza limeingia, macho yanauma, nimebadilisha mstari mmoja na kuujaribu. Bosi anauliza mstari mmoja tu siku nzima? Ndiyo bosi, ila ilibidi nijue ni upi, na najivunia huo mstari.

Nampigia mama. "Ahsante mwanangu, na hela walizokatwa?" Nikafungua logi ya usiku, faili la kumbukumbu za mfumo, Alt na s kisha o, nikaandika faini, mistari yote ikajikusanya pamoja, namba za wanachama na kiasi, nikamtumia ndo nikafunga kompyuta.